Mwaka wa Mnyama Husika

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi, na nchi hiyo haikuwa na jina. Msidhani tulisahau. Kamati ya Jina la Nchi iko kikaoni mwaka wa tisa sasa, na habari tulizonazo ni kwamba wajumbe wamekwisha kukubaliana kwamba litaanza kwa herufi kubwa. Kazi inasonga. Mwenye haraka aende nchi nyingine akaone kama huko mambo ni bora.

Mimi ni raia mwema wa nchi hiyo, karani wa mihuri katika Wizara ya Lugha ya Staha. Wizara yetu ndiyo inayohakikisha kwamba hakuna jambo baya linalotajwa kwa jina lake, na matokeo yake, kama mtakavyoona, hakuna jambo baya. Kwetu umeme haukatiki, unapumzika. Mfungwa ni mgeni wa muda mrefu. Mashimo ya barabarani huitwa nafasi zilizo wazi, na mhitimu mmoja wa chuo kikuu aliwahi kuandika barua ya maombi, akaambatanisha na vyeti. Nilimgongea "Imepokelewa" kwa mkono wangu mwenyewe. Bado anasubiri usaili.

Nayasema haya mapema ili mjue kuwa mimi si mchochezi. Ninayosimulia niliyaona, na yote yana muhuri.

*

Kila mwanzo wa mwaka Rais wetu huchagua Mnyama wa Mwaka. Majina ya wanyama wote huandikwa kwenye vikaratasi, vikaratasi hutiwa kapuni, naye huingiza mkono na kutoa kimoja huku bendi ya polisi ikipuliza tarumbeta. Miaka minne mfululizo alitoka simba. Wako waliosema kikaratasi cha simba huwekwa juu kabisa; hao ni wachochezi, simba alikuwa juu kwa sababu ya cheo chake. Mwaka wa tano karani mgeni, msichana mwaminifu kupita kiasi, alilitikisa kapu.

Rais alitoa kikaratasi, akakisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akasema, "Hm." Hm hiyo imo katika Hotuba Teule, juzuu ya sita, ukurasa mzima. Mtangazaji wa redio alichungulia, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, mnyama wa mwaka huu ni... tutawajulisha baada ya muziki." Muziki ulipigwa siku nne.

Kikaratasi kilikuwa kimeandikwa NGURUWE.

Kurudia kura hakukuwezekana, maana mkono wa Rais haukosei. Hiyo ni ibara ya tatu ya katiba. Kumtaja mnyama yule nako hakukuwezekana. Nusu ya nchi hawamli na hawapendi kumsikia. Nusu ya pili wanamla na hawapendi kusikika. Hao wa pili humwita mdudu, humwita kitimoto, au humnong'oneza muuzaji tu, "nipimie kilo ya yule jamaa," na muuzaji anaelewa. Basi nchi nzima ikawa inatakiwa kumsherehekea, mwaka mzima, mnyama asiyetajika. Wizara yetu ilimpa jina la muda: Mnyama Husika.

*

Waraka ulikwenda kila mahali. Jeshi liliamriwa kutunga gwaride la Mnyama Husika. Hospitali ziliamriwa kutabasamu. Na Chumba cha Watoto cha Maktaba Kuu kiliamriwa kupendekeza vitabu vitano vya picha kuhusu Mnyama Husika, vya kuwasomea watoto kwa sauti mbele ya Rais siku ya kilele. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na nyongeza: ikitokea dosari yoyote, Chumba cha Watoto kitageuzwa kuwa Chumba cha Kupumzikia Viti. Waheshimiwa wetu wana viti vya akiba mia mbili na kumi, na viti hivyo vimekuwa vikisimama koridoni, jambo linalowauma sana Waheshimiwa.

Msimamizi wa chumba hicho ni Bi. Siwatu Ngao. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ameketi kwenye kigoda, watoto wakajaa mkekani, naye akawasomea. Hana cheo, hana gari, na mume alishaondoka akisema nyumba ina sauti nyingi. Ana chumba kile, mikeka minne, na koo lake. Koo hilo likitaka linakuwa mvua, likitaka linakuwa bibi kizee mwenye mafua, likitaka linakuwa mlango usiotiwa mafuta.

Wakuu wa taasisi nyingine walipopata waraka waliugua ghafla. Bi. Siwatu alikuja wizarani mbio, kanga begani, miwani imefungwa kwa uzi, uso umechanua.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Bwana Mihuri. Hatimaye! Nguruwe!"

Nilitazama mlango. "Mama, tunasema Mnyama Husika."

"Si ndiye huyohuyo? Miaka yote hii naomba ruhusa ya vitabu vya nguruwe, naambiwa leta vya simba. Mwanangu, umewahi kumsomea mtoto wa miaka minne kitabu cha simba? Simba anaunguruma. Haya, halafu? Anaunguruma tena. Lakini nguruwe! Nguruwe anakula, anachafuka, anakalia vitu vya watu, anakataa kuoga, na jioni mama yake bado anampenda. Mtoto akimwona nguruwe anajiona mwenyewe."

Alikuwa amemtaja mara nne kwa pumzi moja. Niliinuka nikafunga dirisha.

Akatoa orodha mfukoni. Haikuwa imeandikwa siku ile. Karatasi ilishaanza kugeuka njano kwenye mikunjo. "Hiki cha kwanza, Mkia Ulionyooka, ni cha kufungulia, kwa watoto wenye haya. Kuna mahali wote wanasokota kidole hewani, na mtoto akishasokota kidole, haya imekwisha. Vinguruwe Saba, Mwavuli Mmoja ni cha kuhesabia, lakini mtu asikimbie nacho. Mvua yake inaanzia kwenye kucha, hivi." Akapiga kucha juu ya meza yangu, ti, ti, ti, nami, Mungu anisamehe, nikaangalia dari kama linavuja. "Pua Hii ya Nani? kimetobolewa katikati, msomaji anapenyeza pua yake mwenyewe. Kwa hiyo asikisome mtu anayejiona. Nani Kakalia Boga Langu? maneno yake machache, picha ndizo zinazosema. Hapo msomaji ajue kunyamaza. Na huyu sasa ndiye bwana harusi wao: Kesho Nitaoga."

"Kina nini hicho?"

"Kaa nikusomee."

"Nimekaa, mama."

"Basi kaa vizuri."

Akanisomea. Nguruwe mdogo kachafuka, mama yake anamwita aje aoge, naye kila ukurasa anajibu: "Kesho, mama, kesho! Kroo!" Ila ile kroo msomaji haisemi. Msomaji ananyamaza, anainua nyusi, anasubiri mpaka wasikilizaji waitoe wenyewe. Bi. Siwatu alinyamaza. Aliinua nyusi. Nilijikaza kama inavyompasa mtumishi wa umma wa miaka kumi na mitano kazini. Ukurasa wa nne nikasikia mtu anasema, "Kroo." Nikageuka kumtafuta. Tulikuwa wawili tu mle ndani.

"Unaona?" akasema Bi. Siwatu. "Kitabu cha kusoma kwa sauti si cha macho. Ni cha mdomo. Hukijui mpaka kitoke nje ukakisikia."

Niliigongea orodha yake muhuri mara mbili, kinyume cha utaratibu.

*

Orodha ilipanda ghorofani kwa Katibu Mkuu wetu, Dakta Mwinyikombo Rehani, mtu mwenye shahada tatu na kikohozi kwa ajili ya kila moja. Aliitisha kamati siku hiyohiyo. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu.

"Ndugu wajumbe," alianza, baada ya kukohoa kikamilifu, "kwa kuzingatia mazingatio yote, tunayo changamoto yenye fursa ndani yake, na fursa yenye changamoto ndani yake. Vitabu hivi vimemtaja Mnyama Husika mara mia tatu na kumi na mbili. Kwa jina lake. Tena vinasomwa kwa sauti. Tena mbele ya Rais. Naomba mawazo, lakini yasiwe mapya."

Mjumbe mmoja alipendekeza vitabu visomwe kwa sauti ya kimya. Wazo hilo lilisifiwa sana, na mwenyewe akapewa barua ya pongezi, ila redio ilisema haiwezi kuirusha hewani. Mwingine akapendekeza "mdudu." Idara ya Wadudu Waharibifu ikaja juu, ikasema mdudu ni wake kisheria, na kwamba vitabu hivyo itabidi vinyunyiziwe dawa. Wa tatu akasema "kitimoto," na papo hapo jirani yake akaruka, akakataa kuketi tena mpaka kiti chake kikaguliwe. Tukajaribu kubaki na "Mnyama Husika," lakini kufika kwenye wale vinguruwe saba ukazuka ubishi kama ni "wanyama husika" au "wanyama wahusika," na ubishi huo ukatufikisha chakula cha mchana.

Baada ya chakula Dakta Mwinyikombo aliinua kidole. "Wajumbe, nawauliza. Katika nchi hii, mtu usiyethubutu kumtaja jina unamwitaje?"

"Mheshimiwa!" kamati nzima ikajibu.

"Basi!"

Makofi yalipigwa mpaka chai ikamwagika. Ikapitishwa kwamba popote penye nguruwe pasomeke Mheshimiwa. Maneno yaliyobaki yaligawiwa kwa kamati ndogo, kila moja neno lake. Kamati Ndogo ya Malezi iliamua kinguruwe aitwe Naibu. Ya Makazi ikabadilisha banda kuwa ukumbi. Ya Lishe ikaona pumba si neno zuri mbele ya wageni, ikaandika posho. Ya Ardhi ilikesha na tope, ikatoka na mchakato. Na kwa kuwa kugaagaa nako kulionekana kukali, kukawa kushiriki. Ya Mijadala ikaagiza kwamba kabla ya kila kroo msomaji aseme "akachangia hoja." Kamati hizo hazikukutana hata siku moja, maana kila moja ilikuwa na chumba chake na birika lake.

Kila neno lilipita kwangu peke yake. Niliyagongea muhuri moja moja, nikaona yote yana adabu.

*

Alhamisi nilikwenda maktaba na gundi na vikaratasi, mia tatu na kumi na mbili vya Mheshimiwa peke yake, nikasaidiana na Bi. Siwatu kubandika. Alibandika kwa uchungu, kama anayemvalisha mtoto shati la kuazima. Tulipomaliza Kesho Nitaoga aliketi kigodani akakisoma ukurasa wa kwanza chinichini. Akausoma tena kwa sauti kidogo. Kisha akavua miwani.

"Bwana Mihuri, kuna mtu wizarani amekisoma hiki kwa sauti?"

"Hapana, mama. Kimesomwa kwa kanuni."

"Hebu sikiliza basi." Akanisomea kurasa mbili. Nilihisi baridi mgongoni, na hapohapo kicheko kikanipanda kutoka tumboni, vikakutana njiani, nikapaliwa. Ilibidi anipige mgongoni.

Tukaenda wote kwa Dakta Mwinyikombo. Alimpokea amesimama, ili mama asikae.

"Dakta, nakuomba dakika tano. Nikusomee tu. Ukisikia mwenyewe utajua."

"Bi. Siwatu," alisema Katibu Mkuu, "Wizara haisomewi. Wizara inasoma."

"Kwa macho, baba. Hivi ni vitabu vya masikio."

"Masikio ya Wizara yana kamati yake, na imesafiri. Kisome kama kilivyopitishwa, neno kwa neno. Ukiongeza neno ni dosari. Ukipunguza ni dosari. Usipokisoma ni dosari kubwa. Na viti vinasubiri."

Bi. Siwatu akaomba apewe hayo kwa maandishi. Akapewa. Niligonga muhuri, na nilikwisha kuyaona yanayokuja: asiposoma, chumba kinakwenda, akisoma, anakwenda yeye na chumba pamoja. Kutoka nje alisimama kwenye ngazi akifunga kanga yake vizuri. "Haya," akasema, "tutasoma. Lakini kama ni kusoma, nitasoma sawasawa. Sitamharibia nguruwe wangu kwa woga."

*

Jumamosi ukumbi wa taifa ulijaa. Watoto mia nne chini kwenye mazulia, Waheshimiwa arobaini safu ya mbele, na katikati yao, kwenye kiti kikubwa chenye mito, Rais. Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Picha za kitabu zilionyeshwa ukutani, kubwa kama nyumba.

Kuna jambo la itifaki lazima niwaeleze. Kwetu cheo cha Mheshimiwa kikitajwa hadharani, kila Mheshimiwa aliyepo hunyanyuka, huinama kidogo, kisha huketi. Ni desturi nzuri na haijawahi kumdhuru mtu.

Bi. Siwatu aliketi kigodani, akafungua kitabu.

"Asubuhi moja, Mheshimiwa aliamka ukumbini." Safu ya mbele ikanyanyuka, ikainama, ikaketi. "Mheshimiwa alinyoosha pua." Wakanyanyuka, wakaketi. "Mheshimiwa akauliza: posho yangu iko wapi?" Wakanyanyuka, na wawili watatu wakaitikia kwa kichwa, maana swali lilikuwa la msingi. "Mheshimiwa akala posho yake. Akala na posho ya Naibu. Kisha Mheshimiwa akaenda kwenye mchakato."

Ukutani ukaonekana mchakato. Ulikuwa mweusi, unafuka mvuke, na umemfika Mheshimiwa masikioni.

"Mheshimiwa alishiriki kwenye mchakato. Alishiriki kwa tumbo, alishiriki kwa mgongo. Mama yake akamwita: njoo uoge! Mheshimiwa akachangia hoja: Kesho, mama, kesho!"

Akanyamaza. Akainua nyusi.

"KROOO!" wakasema watoto mia nne.

Nawaambieni kweli, sijawahi kuona furaha ya namna ile katika sherehe ya serikali. Kila ukurasa mchakato ulizidi kuwa mzito, kila ukurasa Waheshimiwa walinyanyuka na kuketi, jasho likiwachuruzika, vifungo vya makoti vikiruka. Kufikia ukurasa wa tisa wengine walikwisha kuelewa, lakini itifaki ni itifaki. Walinyanyuka wakiwa wamekunja nyuso. Dakta Mwinyikombo alikuwa anakohoa shahada zote tatu kwa mpigo. Watoto walikuwa wamelala chali wakicheka na kupiga mazulia kwa visigino. Bi. Siwatu hakucheka. Alisoma kwa unyenyekevu, neno kwa neno, kama alivyoagizwa.

"Mama yake akasema: Mheshimiwa, wananchi wote wanakusikia harufu. Utaoga lini? Mheshimiwa akachangia hoja: Kesho, mama, kesho!"

Akanyamaza. Akainua nyusi. Watoto wakavuta pumzi.

Lazima niseme kwamba siku ile Rais alikuwa amechoka na ujenzi wa taifa, na mito ya kiti kile ni laini. Katika kimya kile, kabla mtoto hata mmoja hajafungua mdomo, kutoka kwenye kiti kikubwa, karibu kabisa na kinasa sauti cha redio, ikasikika ndefu, nzito, yenye mamlaka:

"Kroooooo."

Ndipo mtoto mmoja wa miaka mitano, jina lake Kibibi, akasimama juu ya zulia akanyoosha kidole. "Bibi Siwatu! Yule babu anajua kuliko sisi sote!"

Watoto wakapiga makofi. Rais akaamka, akaona anapigiwa makofi, akapunga mkono.

*

Taarifa rasmi ilitoka baada ya nusu saa: Rais hakukoroma, alitafakari kwa sauti. Bi. Siwatu alialikwa na askari wawili, nao wakamsaidia kupanda gari. Jumatatu viti vilianza kuletwa. Niliona kumi na viwili vya kwanza vikiwekwa juu ya mikeka, miguu yao ikiitoboa. Niliumia. Naandika hivyohivyo, bila neno la staha juu yake: niliumia, na nilijiona mjinga na mihuri yangu.

Kesi ilisikilizwa Jumatano mbele ya Hakimu Kiango Mbwele, mtu mnene, mpole, asiyependa kuharakishwa. Dakta Mwinyikombo alikuja mwenyewe kulalamika kwa niaba ya Wizara. Mimi nilikuja na kitabu, kama kielelezo.

Karani wa mahakama akasoma shtaka, kwa Lugha ya Staha kama sheria inavyotaka: "Kwamba wewe, Siwatu binti Ngao, siku ya Jumamosi, hadharani, ulimwita Mheshimiwa 'Mheshimiwa'."

Hakimu akaomba lisomwe tena. Likasomwa. "Kosa liko wapi?" akauliza.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Dakta Mwinyikombo, "huyo Mheshimiwa aliyeitwa Mheshimiwa si Mheshimiwa."

"Ni nani?"

"Ni Mheshimiwa, Mheshimiwa."

"Mimi?"

"Si wewe, Mheshimiwa. Ni Mheshimiwa yule wa kitabuni, aliyeitwa Mheshimiwa kwa namna ya kumfanya Mheshimiwa aonekane kama Mheshimiwa."

"Dakta, mahakama ina watu wazima. Huyo wa kitabuni ni nani? Mtaje."

Dakta alikohoa. Alifuta uso kwa leso. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. Mishipa ikamsimama shingoni, na mwishowe ikamtoka kwa kelele, machoni pa hakimu, mbele ya watu wote:

"Nguruwe, Mheshimiwa!"

Hakimu Mbwele aliweka kalamu chini taratibu. "Umeniitaje?"

"Sikukuita! Nilikuwa namtaja..."

"Karani, andika. Shahidi amenitazama usoni akasema nguruwe."

"Naifuta kauli! Naifuta yote!"

"Imefutwa. Basi kilichobaki hapa ni kwamba mama huyu alimwita Mheshimiwa Mheshimiwa. Hiyo kwetu huitwa malezi mema. Mshtakiwa yuko huru."

Watu wakaanza kushangilia, lakini Dakta hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Akasema sawa, mama yuko huru, ila waraka unasema dosari yoyote, na kitabu kina dosari, kwa hiyo viti vibaki vilipo. Nilimwona Bi. Siwatu akishika ukingo wa kizimba. Kuachiwa hakukuwa kumemfurahisha hata kidogo. Alikuwa anangoja hili.

"Kama kitabu kina dosari au hakina," alisema hakimu, "lazima nikisikie. Kisomwe."

Bi. Siwatu alivaa miwani. Alisoma kutoka kizimbani, na kila alipoinua nyusi askari wa mlangoni walitoa kroo, kwanza kwa aibu, kisha kwa moyo wote. Hakimu alijizuia mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Kufika ukurasa wa kumi na tisa mama nguruwe ameshika ndoo na sabuni, mlango umefungwa, mtoto hana pa kukimbilia. Bi. Siwatu akafunga kitabu.

"Endelea," alisema hakimu, kiti chake kikiwa kimeinamia mbele.

"Umebaki ukurasa mmoja tu, Mheshimiwa Hakimu. Huo huwa nausomea chumbani kwangu, mkekani. Na chumbani kwangu sasa kuna viti."

"Lakini alioga?"

"Ndiyo ukurasa wenyewe huo."

Mara mbili Hakimu Mbwele alikitupia jicho kitabu, mara moja akanyoosha mkono kidogo, akaurudisha. Kisha akagonga nyundo yake.

"Mahakama haiwezi kuamua dosari ya kitabu ambacho hakijaisha. Na kitabu hiki hakiishi kabla mhusika wake hajaoga. Hivyo basi: viti vitolewe leo, mikeka irudishwe, na chumba hicho kisiguswe na mtu yeyote mpaka Mheshimiwa aoge."

*

Wizara haikulala. Wiki haikuisha Dakta Mwinyikombo akarudi mahakamani, nywele zinadondosha maji, taulo shingoni, na cheti mkononi kinachothibitisha kwamba Mheshimiwa ameoga, kwa sabuni, mbele ya mashahidi. Muhuri ulikuwa wangu. Kazi ni kazi.

Hakimu alikisoma cheti chote. "Vizuri sana," akasema. "Sasa inua mkono wa kulia, uape kwamba wewe ndiye yule Mheshimiwa wa kitabuni." Akakifungua kitabu kwenye ule mchakato unaofika masikioni, akakigeuza amwonyeshe.

Dakta aliitazama picha ile. Mkono ulifika nusu. Ukashuka. Akajifunga taulo akaenda zake, na mhudumu alifuta maji ngazi nzima.

Huu ni mwaka wa tatu. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi chumba kinajaa, na watoto wamebandua vikaratasi vyetu vyote kwa kucha. Mimi nimepewa kazi ya kwenda kushuhudia kwa niaba ya mahakama, naketi mkeka wa nyuma, magoti juu. Bi. Siwatu anasoma mpaka ukurasa wa kumi na tisa, anaugusa ukurasa wa mwisho kwa kidole, na watoto wote wanapiga kelele: "Asioge! Asioge!" Kibibi, ambaye sasa anajua kusoma mwenyewe, anakuja mbele na kuufunika ukurasa ule kwa viganja viwili. Kitabu kinafungwa. Na kila Jumatatu napeleka kwa Hakimu Mbwele ripoti ya neno moja, naye huipokea kwa kutikisa kichwa na kusikitika sana: hajaoga.